Jinsi ya kuwavuta vyura waje kulinda bustani yako

Mwezi uliopita mama jirani alinijia na majani ya mchicha yaliyotobolewa kama chekecheke, akaniuliza napiga dawa gani. Sipigi. Nina vyura wanne watano wa nchi kavu, wale wa rangi ya udongo wenye vinundu mgongoni. Usiku wanakula konokono wasio na gamba, sota (viwavi wanaokata miche), mende na kumbikumbi. Tukaenda kwake, tukafanya hivi.

1. Acha dawa, na ile chumvi ya kumwagia konokono pia. Ngozi ya chura hunyonya.

2. Nyumba. Chukua chungu kilichopasuka, kilaze kivulini, kifukie nusu, tupia majani makavu ndani. Usiniambie habari za ndoo ya plastiki wala bati. Mchana hilo ni tanuri.

3. Maji. Hapa mimi nilipoteza vuli nzima. Nilifukia beseni mpaka ukingoni, nikalijaza, nikajiona fundi. Asubuhi ya tatu nikakuta chura amekufa ndani. Kuta za beseni zimesimama na zinateleza. Alihangaika usiku kucha hakupata pa kukanyaga. Nikaweka tofali, likapinduka, akafa wa pili.

Siku hizi natumia kisahani cha udongo cha kuwekea chungu cha maua, kina chake kama vidole vitatu. Kinatosha, kwa sababu chura hanywi kwa mdomo: analowesha tumbo tu, ngozi inavuta maji. Kama huna ila beseni, panga mawe kama ngazi kutoka chini hadi juu ya ukingo, kisha yabonyeze kwa mkono. Linalotikisika, litoe.

Maji ya mvua ndiyo bora. Ya bomba yenye harufu ya klorini yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza. Kwa ajili ya mbu, mwaga kila baada ya siku mbili tatu, ila chungulia kabla. Ukiona nyuzi ndefu za ute zenye nukta nyeusi, hayo ni mayai ya chura. Hapo usimwage, ongeza tu kila jioni.

4. Taa ndogo karibu na matuta, saa mbili tatu za usiku. Wadudu wanaifuata, vyura wanawafuata.

5. Usiwabebe kwa ndoo kutoka mbali. Mwaka 1922 kisiwa cha Morisi kililetewa vyura kutoka Afrika Kusini ili wale mbawakawa wa miwa, wakageuka wavamizi. Wa kwako watakuja na mvua.

Mbwa mfunge siku za mwanzo. Nyuma ya macho chura ana tezi za sumu. Mbwa akimng'ata atatoka mapovu, msuuze mdomo kwa maji mengi, na akizidiwa mpeleke kwa daktari wa mifugo. Wewe nawa mikono.

Kwa mama jirani wa kwanza alifika usiku wa mvua kubwa. Hakuingia chunguni. Baba wa nyumba alimkuta asubuhi ndani ya buti lake, kwa hiyo viatu vya nje kung'uta kabla ya kuvaa.