Kuosha gari nyumbani bila kukwaruza rangi

Ile mikwaruzo myembamba inayoonekana kwenye boneti jua likiipiga, mingi huletwa na kitambaa. Vumbi letu la Dar, hasa kiangazi, lina mchanga ndani yake. Ukilifuta likiwa kavu, unaipiga msasa klia, lile tabaka la juu linalolinda rangi. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50 tu (maikroni elfu moja ni milimita moja), na ikiisha hairudi. Kwa hiyo mchanga utoke kabla mkono haujagusa bodi.

1. Tafuta kivuli. Weka kiganja juu ya boneti. Kama bado ina moto, subiri. Bodi ya moto hukausha sabuni kabla hujaisuuza. Kivuli cha mwembe kikwepe, kwa sababu ya utomvu na kunguru.

2. Andaa vifaa. Ndoo mbili za bodi, moja ya shampuu ya gari na moja ya maji matupu. Glavu ya maikrofaiba, kile kitambaa cha nyuzi laini sana. Taulo kubwa la maikrofaiba. Kisha ndoo ya tatu na brashi kwa ajili ya tairi. Sabuni ya vyombo imetengenezwa kukata mafuta, nayo huondoka na waksi, ile nta inayopakwa juu ya rangi kuilinda. Sabuni ya unga ibaki kwenye nguo.

3. Anza na tairi na ringi. Hapo pana unga wa breki, wenye chembe za chuma. Kilichogusa ringi kisiguse bodi tena, hata kikifuliwa.

4. Mwagia maji, na usiwe na haraka. Hatua hii ndiyo inayookoa rangi. Anzia kwenye paa, ushuke vioo, boneti, milango, umalizie chini. Tope jekundu lililoganda lilowanishe, ngoja dakika chache, rudia mpaka lianguke lenyewe; usilibandue kwa kucha. Ukiwa na mashine ya presha, simama nusu mita hivi, na mahali rangi imeanza kubanduka usipaelekeze kabisa. Maji yakiwa ya shida, punguza kwingine kote, hapa usipunguze.

5. Osha sehemu moja moja. Chovya glavu kwenye shampuu, pitisha taratibu kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza, kisha ikamue kwenye ndoo ya maji matupu kabla ya kuchovya tena. Tazama chini ya ndoo hiyo ukimaliza: mchanga uliotulia pale ungekuwa kwenye rangi yako. Kijana anayekuja kukuoshea mpe ndoo ya pili pia. Glavu ikianguka chini, chukua nyingine. Kinyesi cha ndege kifunike kwa kitambaa kilicholowa mpaka kilainike, kisha kiinue bila kusugua.

6. Suuza, kausha papo hapo. Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi, na tone likikaukia juu ya rangi huacha alama nyeupe. Suuza la mwisho tumia maji ya bomba au ya mvua kama unayo. Tandaza taulo, livute polepole kuelekea kwako. Fungua milango na buti, futa kingo zake. Maji hujificha humo.

Taulo na glavu zifuliwe peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo. Siku maji yatakapoacha kujikunja matone juu ya boneti na kuanza kutandaa, paka waksi upya.