Nani aulizwe kwanza: kupanga utafutaji kati ya domeni za VTAM

Chukua mfano wa meinfremu (kompyuta kubwa) nne, Nakuru, Kisumu, Eldoret na Kakamega, kila moja na VTAM yake, yaani programu ya IBM inayosimamia mawasiliano ya mtandao; eneo linalosimamiwa na VTAM moja ndilo domeni. Mtu wa Nakuru akiandika jina la programu isiyo ya kwao, VTAM ya Nakuru huuliza jirani mmoja, ikikosa humwendea wa pili, kisha wa tatu. Jina sahihi hupatikana mapema. Jina lililokosewa herufi moja ndilo lenye gharama, maana huzunguka kwa majirani wote kabla ya kukataliwa, na mtumiaji anakaa akitazama skrini.

Anza na majirani. Andika D NET,CDRMS kwenye konsoli uone kama kila CDRM (ingizo linalowakilisha VTAM ya domeni moja) iko ACTIV, kwa sababu jirani asiye na seshoni, yaani muunganisho ulio hai, hawezi kujibu. Ili usiandike kila programu ya mbali kwa mkono (ingizo lake huitwa CDRSC), weka CDRDYN=YES kwenye CDRM ya hosti yako na CDRSC=OPT kwenye CDRM za wenzako.

Kisha tengeneza orodha ya majirani wa kuulizwa (ADJSSCP; SSCP ni kidhibiti cha domeni ndani ya VTAM). Iweke kwenye memba mpya ndani ya VTAMLST, maktaba ya usanidi wa VTAM, kwa mfano ADJNAK:

```
         VBUILD TYPE=ADJSSCP
KISUMU   ADJCDRM
ELDORET  ADJCDRM
KAKAMEGA ADJCDRM
```

Majina yaanze safu ya 1, yasizidi herufi 8 (KAKAMEGA imeenea kabisa), na mstari wa VBUILD uache safu hiyo wazi. Orodha iliyo juu, kabla ya NETWORK yoyote, ndiyo ya kawaida: hutumika pale ambapo mtandao wa jina linalotafutwa haujulikani, na watumiaji wengi huandika jina tupu. Ukihitaji orodha ya mtandao mmoja, ongeza NETWORK NETID=... chini yake, halafu ADJCDRM zake. Kwa programu moja yenye njia yake ya pekee kuna ADJLIST, inayotajwa kwenye CDRSC ya programu hiyo.

Washa kwa V NET,ACT,ID=ADJNAK, kisha uongeze jina hilo kwenye ATCCONxx (memba inayoorodhesha vya kuwashwa VTAM inapoanza), la sivyo halitawashwa VTAM itakapoanza tena. Kosa hili hujitokeza wiki kadhaa baadaye, hosti ikishawashwa upya na kila mtu amesahau kilichobadilishwa.

Sasa chaguo za ATCSTRxx, memba ya kuanzishia VTAM, ambazo wengi huziruka. SSCPORD=PRIORITY ndiyo ya kawaida: VTAM humtanguliza jirani aliyefanikiwa mara ya mwisho, na mpangilio wako unakuwa pendekezo tu. SSCPORD=DEFINED huufuata kama ulivyoandika. Ningeacha PRIORITY, ila pale ambapo laini moja ni nzito kiasi kwamba lazima iwe ya mwisho daima. DYNASSCP=YES, nayo ya kawaida, huruhusu kuulizwa jirani ambaye hayumo kwenye jedwali, na SSCPDYN=YES huongeza maingizo yenyewe. Ukitaka orodha yako iwe ndiyo yote, weka zote mbili NO. Lakini hapo jirani uliyemsahau hatapatikana kamwe. Ni kama kumtafuta muuza viatu soko la Kibuye ukiwa umekatazwa kuuliza mtu asiye kwenye karatasi yako.

IOPURGE ikiwa 0, ombi lililokwama hubaki limekwama. IOPURGE=180 hulikata baada ya sekunde 180. Hakikisha thamani zilizopo kwa D NET,VTAMOPTS, na orodha yenyewe kwa D NET,ADJSSCPS.

Jaribu mara mbili: jina lililoko Kakamega, halafu jina ambalo halipo popote, ukipima muda. La pili likichelewa sana, tazama ujumbe wa IST663I kwenye konsoli. Sensi (msimbo wa sababu ya kushindwa) 087D0001 inasema orodha imeisha bila mafanikio. Chini yake, IST894I na IST895I hutaja kila jirani aliyejaribiwa na sensi yake. 0806 ni kwamba jirani hajui jina hilo, kwa hiyo kagua tahajia au kama programu imewashwa kwao. 0842 ni kwamba seshoni ya SSCP kwa SSCP haipo. Rudi kwenye D NET,CDRMS. Jirani asiyeonekana kabisa kwenye IST895I hakuulizwa, na jina lake kwenye ADJNAK ndilo la kukagua kwanza.