Namna ya Kupima Ombi la Kidini Shuleni kwa Mujibu wa Katiba ya Kenya

Mwanafunzi anapoomba kuvaa hijabu au kufuga rasta kwa sababu ya imani yake, bodi nyingi za shule huanza kwa kufungua kitabu cha kanuni. Afadhali zianze na Katiba ya 2010, kwa kuwa Kifungu cha 32 kinalinda imani pamoja na kuidhihirisha kwa ibada, matendo na mafundisho, tena kinakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi kwa ajili ya imani hiyo.

Kwanza, ninyi wanabodi, hakikisheni kwamba imani ya mwombaji ni ya dhati, kisha muishie hapo. Si kazi ya bodi kuamua kama vazi fulani ni faradhi, wala kutafuta sheikh au mchungaji wa kumpinga mtoto.

Baada ya hapo swali linawageukia ninyi. Kifungu cha 24 kinamtwika anayewekea haki mpaka mzigo wa kuthibitisha kwamba mpaka huo umewekwa na sheria, unakubalika katika jamii huru ya kidemokrasia, na kwamba hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile. Kusema tu kwamba nidhamu itaharibika hakutoshi. Elezeni ni madhara gani, yatampata nani, na kwa nini hijabu yenye rangi ya sare isingeyaondoa.

Hoja inayotatiza zaidi ni ya usawa: kwamba kumruhusu mmoja ni kuwabagua wengine. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya hijabu iliyohusu shule moja ya Isiolo inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, ilikataa hoja hiyo na kueleza kwamba kanuni moja kwa wote inaweza kuwa ubaguzi usio wa moja kwa moja, iwapo inamlemea mtu wa imani fulani peke yake. Msiitegemee hukumu hiyo kana kwamba bado ina nguvu, kwani mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliitengua kwa misingi ya utaratibu, ingawa Jaji Ojwang alitofautiana na wenzake. Hata hivyo mwaka huo huo Mahakama Kuu ilimtetea msichana Mrastafari aliyezuiwa kusoma kwa sababu ya nywele zake, na mimi naona mantiki ya 2016 ingali sahihi.

Ipo mipaka isiyojadiliwa. Imani haiwezi kuhalalisha kumnyima mtoto chakula au matibabu. Shakahola, msitu wa Kilifi ambako miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ilifukuliwa kuanzia 2023, inatosha kuwa ushahidi. Vivyo hivyo, shule ya kanisa au ya msikiti haiwezi kumlazimisha mwanafunzi wa imani nyingine kushiriki ibada yake, kwa kuwa Kifungu cha 32(4) kinamlinda yeye pia.

Mkishaamua, msikilizeni mzazi kabla ya kutangaza uamuzi, na mwandike sababu zenu kikamilifu, maana mahakama ikiwaita itapima sababu hizo. Katika muda wote huo mwanafunzi aendelee kukaa darasani.