SOMO: Kununua TV mpya ile ya zamani ikikufa (soma kabla uniulize)

Kila wiki ni "boss nichukue TV gani?" Sasa nimeandika hapa mara moja, ukiuliza tena nakutumia hii.

1. Pima toka kiti hadi ukutani. Mita mbili, inchi 55 ya 4K (ile ya picha kali) iko sawa. Bedsita chukua 43.

2. Soma kibandiko cha nyuma. Unataka 100-240V. Ile ya Marekani ya 120V pekee ukiichomeka kwa stima yetu utasikia tu paa! Angalia pia DVB-T2, hiyo ndio inashika chaneli za bure bila dekoda.

3. QLED bado ni LCD yenye taa nyuma. OLED ndio kila pikseli inajiwakia, lakini bei utashika kichwa.

4. Ijaribu dukani, na iwe ile ya katoni utakayobeba, siyo ile iko kwa ukuta. Mwambie muuzaji atoe modi ya duka aweke ya sinema, juu ile ya duka inang'arisha kila kitu kama leso ya Idi. Beba flashi yenye picha ya kijivu tupu, nyeusi tupu, na klipu ya mpira. Kijivu kinafichua madoa, nyeusi inaonyesha pembe zinazovuja mwanga. Akikataa kuwasha, toka, Oginga Odinga Street hapa Kisumu maduka ni mengi.

5. KUBEBA. Usiniulize nimejuaje. TV inasafiri IMESIMAMA, ndani ya katoni na ile styrofoam yake. Ukiilaza kioo kinapinda kila shimo la barabara, na makanga wa matatu ya Siaya ataiweka juu ya gunia la mahindi akikuambia "iko sawa mathe", ukifika unawasha unakuta ufa umetoka kona hadi kona na nje hakuna hata mkwaruzo. Waranti haigusi kioo kilichovunjika, na paneli peke yake ni karibu bei ya TV nzima. Boda pia hapana, hata akiapa. Lipa kiti cha pili uishike kwa fremu, usisukume kioo na vidole.

MASWALI

Otis: 55 OLED ya elfu ishirini naipata wapi?
— Haipo. Ukiipata kimbia.

Mama Njoro: Niko Nakuru, nataka tu nzuri.
— Mita ngapi toka kitini? Namba 1 iko hapo juu, mama.

Kijana wa Mamboleo: Mbona mpira kwa TV ya mjomba una michirizi kamera ikikimbia, na habari ziko safi?
— Swali tamu. Mwanga wa nyuma haujasambaa sawa, na nyasi ni rangi moja pana, kwa hivyo macho yanaona. Habari picha imetulia na rangi zimechanganyika, doa linajificha. Ndio maana nasema beba klipu ya mpira. Ukiona mpira wenyewe unaacha kivuli nyuma, hiyo ni paneli inayochelewa kubadilisha picha, hiyo ni shida ingine.

Awuor: Na TV guard, ni lazima?
— Weka, stima ikirudi kwa nguvu inakusaidia. Radi haizuii lakini. Mawingu yakianza kujikusanya kwa ziwa chomoa plagi NA waya wa antena, watu husahau huo wa pili.

Fundi Kakamega: Ongezea hapo, waya wa HDMI wa dekoda pia. Nimefungua TV kibao, bodi nzima iko poa, ni pale HDMI tu pameungua.
— Hiyo naongeza. Asante fundi.