Jinsi ya kutafuta maono ya kanisa pamoja (bila kuishia kwenye bango la ukutani)

Wapendwa, kama kanisa lenu limeamua kujiuliza Mungu anatuitia nini na miaka mitano ijayo tunaelekea wapi, msianze kwa kuandika. Najua ndo kitu cha kwanza kinachokuja kichwani, kamati inaenda mafungo jumamosi moja na makaratasi makubwa na kalamu za rangi, jioni inarudi na sentensi nzuri kabisa, "kuwa kanisa lenye upendo linaloigusa jamii", inachapwa kwenye bango alafu miezi mitatu baadae muulize mtu yeyote inasemaje uone. Tena sentensi hiyo ukiipeleka kanisa lingine lolote inawafaa vilevile, hapo ujue haikutoka kwenu.

Kuandika kunakuja mwisho. Kazi yenyewe ni kusikiliza na inakula miezi.

Kwanza angalieni katiba ya kanisa lenu inasemaje kuhusu nani anaamua, mkutano mkuu au baraza la wazee au ngazi ya juu zaidi, manake mnaweza kuhangaika mwaka mzima mkaja kuambiwa hamkuwa na mamlaka. Alafu undeni timu ndogo, watu sita mpaka tisa inatosha. Mchungaji awemo ila mi naona asiwe mwenyekiti, akishika kiti watu wataanza kusema kile wanachodhani anataka kusikia. Awemo kijana, awemo mama ambae hana cheo chochote, awemo mtu aliyejiunga juzijuzi ambae bado anashangaa vitu ambavyo nyie mmeshavizoea. Na waambieni mapema kabisa kwamba timu haiamui, inasikiliza na kurudisha ilichosikia.

Maombi yasiwe yale ya kufungua na kufunga kikao tu. Chagueni andiko moja mlisome kila mnapokutana, hilohilo, miezi yote, mkae kimya kidogo kisha kila mtu aseme neno gani limemshika. Matendo 15 inafaa sana kwa kazi hii, pale Yerusalemu walipobishana kama watu wa mataifa lazima watahiriwe. Hebu angalieni walivyoenda: mabishano kwanza tena makali, Petro akasimulia alichokiona, mkutano ukanyamaza ukawasikiliza Barnaba na Paulo wakieleza Mungu alichofanya huko walikotoka, Yakobo akapima yote kwa maneno ya manabii, ndipo barua ikaandikwa, "ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi". Barua ni ya mwisho, mmeona.

Sasa kusikiliza kwenyewe. Nendeni wawiliwawili mkakae na watu, dodoso la kujaza kwenye simu haliwezi kufanya hii kazi, mtu hawezi kuandika pale kitu ambacho angekwambia baada ya nusu saa ya maongezi. Na maswali ni muhimu kuliko mnavyodhani. Ukimuuliza mtu "unataka kanisa likufanyie nini" utarudi na orodha ya manunuzi, spika mpya, viti vipya, ibada iwe fupi. Muulize hivi: ni lini hapa kwetu uliona kabisa kwamba Mungu anafanya kazi, na kulikuwa na nini siku zile? Kuna jambo gani la watu wa eneo hili ambalo linakunyima usingizi? Kanisa letu likifungwa kesho nani asiyesali hapa atakuja kuuliza mmeenda wapi? Hilo la mwisho linauma lakini ulizeni.

Msiwasahau walioacha kuja. Msiende kuwarudisha, nendeni kuwasikiliza, ni vitu viwili tofauti na wao wanajua tofauti hiyo ukiwa bado mlangoni. Nendeni pia kwa watu wa nje, walimu, manesi, majirani ambao kila jumapili wanasikia vyombo vyenu wakipenda wasipende. Na malalamiko msiyafukie, kwenye Matendo 6 wale wajane wa Kiyunani walisahauliwa kwenye huduma ya kila siku, watu wakanung'unika, na kwenye manung'uniko hayohayo wakapatikana wale saba akiwemo Stefano. Wangeambiwa "tuombe tu" sijui ingekuaje.

Huku mkisikiliza, pimeni na hali halisi. Nehemia kabla hajamwambia mtu yeyote tujenge alizunguka usiku na watu wachache akakagua ukuta ulivyobomoka. Kwa hiyo mahudhurio ya miaka kadhaa, watoto wangapi, wanaobatizwa, wanaohama, jengo lina hali gani, deni. Alafu chukueni bajeti msome bila kuangalia vichwa vya habari vizuri, pesa inaenda wapi? Huo ndo utume wenu wa sasa, mpende msipende.

Mkishakusanya yote timu iyaweke mezani kwa waumini, sio muhtasari uliopakwa rangi bali maneno yenyewe bila majina, na mtaona mambo mawili matatu yanajirudia. Hapo ndo pagumu. Mimi napenda utaratibu aliotumia Ignatius wa Loyola, yule mwanzilishi wa shirika la Wajesuti la Kanisa Katoliki, na wenzake kule Roma mwaka 1539 walipokuwa wanaamua kama wawe shirika lenye mkuu mmoja wa kumtii. Siku moja wote walileta sababu za kukataa, siku nyingine wote hao hao wakaleta sababu za kukubali. Yaani hakuna kambi. Hata aliyeipenda hoja alilazimika kuitafutia ubaya, na anaeipinga akatafuta uzuri wake mbele ya wenzake. Jaribuni, mtashangaa joto linavyoshuka. Na kutoka kwa Marafiki, wale Wakristo wa dhehebu la Quaker, chukueni kitu kimoja tu, ukimya kidogo kati ya msemaji na msemaji, na msikimbilie kupiga kura, manake kura ya 60 kwa 40 imewapa washindi na washindwa, maono bado.

Na kama mchungaji au mzee fulani anakuja na "Bwana amenionyesha"? Msimdharau, ila msimame kwenye Matendo 16. Paulo alizuiwa Asia, akazuiwa Bithinia, usiku Troa akaona mtu wa Makedonia, lakini soma mstari wa 10, aliona mmoja na walioridhika kwamba Mungu amewaita ni wao wote. Maono ya mmoja yanaletwa kundini yapimwe. Asiyekubali kupimwa, mh.

Kabla ya kuandika jibuni hili: tutaacha nini? Kama maono mapya hayafungi hata kamati moja, hata kongamano moja la kila mwaka ambalo watu wanalifanya kwa mazoea, bado hamjaamua kitu, mmeongeza mzigo kwa walewale kumi wanaofanya kila kazi. Hapa patakuwa na machozi kidogo, kuna mtu amelea kundi hilo miaka ishirini, mfuateni nyumbani kabla hajasikia kwenye matangazo, mshukuruni na mumsikilize.

Sasa andikeni, watu wawili tu waandike, kumi hawaandiki sentensi. Habakuki aliambiwa aiandike njozi iwe wazi ili aisomaye asome kama maji, kwa hiyo sentensi mbili tatu, maneno ambayo mtoto wa sunday school anaelewa, na itajwe watu gani hasa na jambo gani hasa. Ipelekeni kwenye mkutano wenye mamlaka, na siku hiyohiyo mhazini awe na bajeti iliyobadilishwa mkononi, isisubiri mwaka ujao. Kila mwaka tengeni ibada moja na kikao kimoja cha kuuliza tumefanya nini kati ya hayo, na timu ile ya mwanzo ivunjwe, wapewe kazi hiyo watu wengine.