Feni ya rejeta inazunguka bila mpango: ya kukagua kabla ya kununua sensa

Feni ikiwaka wakati injini bado ya baridi, wengi hukimbilia dukani kununua sensa ya joto. Subiri kwanza. Katika magari mengi feni imepangwa makusudi iwake pale mfumo unapokosa taarifa ya joto, kwani ikizunguka bure hasara yake ni umeme kidogo, ila isipozunguka kwenye foleni unaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi. Ndiyo maana waya uliokatika, soketi iliyoshika kutu na sensa mbovu vyote huleta dalili ileile.

Hakikisha kwanza kuwa ni ubovu kweli. AC ikiwashwa, feni huzunguka hata injini ikiwa ya baridi, kwa kuwa kondensa, yaani kipozeo cha gesi ya AC kilicho mbele ya rejeta, nayo inataka upepo. Kitufe cha kuondoa ukungu kioo cha mbele huwasha kompresa (pampu ya AC) kimyakimya katika magari mengi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Feni kuendelea dakika chache baada ya kuzima gari ni kawaida kwa baadhi ya magari. Dizeli yenye chujio la masizi hufanya hivyo ukiizima ikiwa katikati ya kujisafisha.

Toa ufunguo, acha injini ipoe, na usiingize mkono wala nguo inayoning'inia karibu na feni: inaweza kuwaka injini ikiwa imezimwa. Kifuniko cha rejeta kisiguswe kikiwa cha moto, maana presha ya ndani hukaribia bar 1 na maji huwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka.

Injini ikishapoa, angalia maji ndani ya rejeta yenyewe, si kwenye chupa ya akiba tu. Kifuniko kilichochoka hakivuti maji kurudi, hivyo chupa inaweza kuwa imejaa huku rejeta ikiwa pungufu. Sensa ikibaki hewani badala ya majini, husoma ovyo.

Halafu rilei, swichi ndogo ya umeme iliyo kwenye boksi la fyuzi inayopeleka umeme kwenye feni. Kama feni inazunguka hata ufunguo ukiwa umetolewa na haizimiki, chomoa rilei ya feni. Ikisimama, ibadilishane na nyingine yenye namba ileile, mara nyingi ya honi. Tatizo likihama na rilei, vidole vyake vya ndani, vinavyounganisha na kukata umeme, vimegandana kwa moto, na hapo sensa haihusiki kabisa. Isiposimama, tafuta waya uliogusana na mwingine. Usiliache gari likalala hivyo. Feni inayovuta ampea 15 kwa saa 3 inakula ampea-saa 45, yaani betri nzima ya gari dogo.

Rilei ikiwa nzima, nenda kwenye sensa, ila ujue ni ipi. Toyota nyingi za miaka ya 1990, kama Corolla AE100, zina swichi ya feni peke yake, mbali na sensa ya kompyuta na ile ya mshale wa dashibodi. Kwa hiyo mshale kukaa katikati hakuthibitishi chochote kuhusu feni. Swichi hiyo hufunga saketi ikiwa baridi na kuifungua karibu na nyuzi 93. Ukichomoa waya wake na ufunguo ukiwa ON, feni lazima izunguke. Ukiugusisha waya huo kwenye chuma cha bodi ya gari, isimame. Ikisimama, nyaya ni nzima na swichi ndiyo mbovu. Volkswagen za zamani ni kinyume: ukichomoa, feni inasimama.

Magari ya karibuni hutegemea sensa ya nyaya mbili. Upinzani wake wa umeme hushuka joto linapopanda: kwa Toyota ni takriban ohm 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na ohm 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Ukiwa na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, soma joto asubuhi kabla ya kuwasha injini. Joto la maji na la hewa inayoingia yanapaswa kukaribiana. Yakiachana zaidi ya nyuzi 10, shuku sensa. Ikiandika -40, waya umekatika au soketi imechomoka. Ikiruka juu ya 130 na injini ni ya baridi, nyaya zimegusana. Safisha soketi kabla ya kufungua pochi.

Usikubali feni iungwe dairekti izunguke muda wote, wala thamostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto) itolewe "ili gari lipoe". Injini itakimbia ikiwa baridi barabara kuu, itakula mafuta, na ubovu wenyewe utabaki palepale.

Ukimaliza, zima AC na uiache injini iungurume mpaka feni iwake na kuzimika yenyewe, angalau mara mbili.