Hesabu za dawa kwa wanaoanza famasi: kadiria kwanza, kikokotoo baadaye

Wengi wanaoanza famasi huniambia hesabu ndizo zinazowatesa. Nikikaa nao naona hesabu zenyewe ni zile za shule ya msingi: kuzidisha, kugawanya, asilimia. Kinachowaangusha ni kukimbilia kikokotoo kabla hawajajua jibu linatakiwa liwe la ukubwa gani.

Hata namna ya kuandika namba inaweza kukuangusha. Mimi nililijua hilo kwa uchungu. Nikiwa mwanafunzi kwenye mazoezi ya vitendo hapa Mbeya, niliandika ".5 ml" kwenye bahasha ya dawa ya mtoto. Nukta ilikuwa ndogo na wino hafifu. Mfamasia aliyekuwa akinisimamia akaichukua ile bahasha, akamwonesha mama na kumuuliza, "Hapa unasoma ngapi?" Mama akajibu, "Tano." Mtoto alikuwa mgongoni, amelala. Tangu siku ile sijaandika tena nukta bila sifuri mbele yake. Ni 0.5. Wala siweki sifuri isiyo na kazi nyuma: naandika 5, siandiki 5.0, maana nukta ikififia mtu anasoma 50.

Hatua ya 1: Pata kilo za leo

Usichukue uzito ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki miezi mitatu iliyopita. Mpime mtoto. Na huku kwetu, Juni na Julai watoto huletwa wamevalishwa masweta mawili, kofia na blanketi juu. Mwombe mama ampunguzie nguo kwanza, kwa upole, mahali pasipo na upepo.

Hatua ya 2: Kadiria kichwani

Mtoto ana kilo 12. Ameandikiwa parasetamo ya maji, miligramu 15 kwa kila kilo kwa dozi moja. Chupa inasema 120 mg katika 5 ml.

Dozi ni 15 × 12 = 180 mg. Sasa tulia. Mililita 5 zina 120 mg, mililita 10 zina 240 mg, na 180 iko katikati kabisa. Kwa hiyo jibu liko kati ya 5 na 10. Kikokotoo kikikupa 75 au 0.75, umeshajua kuna mahali umebonyeza vibaya.

Hatua ya 3: Andika hesabu yote, pamoja na mg na ml

180 mg × 5 ml ÷ 120 mg = 7.5 ml. Mg ya juu na mg ya chini zinakatana, inabaki ml. Kama mwishoni imebaki mg wakati unatafuta ml, umegeuza hesabu. Ndiyo maana nawasisitiza wanafunzi: namba isiyo na kipimo chake (mg au ml) haijakamilika.

Hatua ya 4: Mwenzako apige upya

Usimwoneshe jibu lako. Mpe cheti na chupa, apige mwenyewe, kisha mlinganishe. Ukimwonesha jibu, jicho lake litalikubali tu.

Hatua ya 5: Kuchanganya

Tuchukue dawa ya fangasi ya kupaka ya Whitfield: asidi ya benzoiki asilimia 6, asidi ya salisili asilimia 3, iliyobaki ni mafuta ya msingi, yaani mafuta mazito yanayobeba dawa. Tunataka gramu 60. Benzoiki ni 3.6 g, salisili 1.8 g, mafuta 54.6 g. Jumlisha: 60. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mtu kupima mafuta gramu 100, akaongeza 6 na 3 juu yake. Hapo jumla ni 109, na benzoiki imeshuka hadi asilimia 5.5.

Futa meza. Iwe na dawa hiyo moja tu. Chupa nyingine zirudi kabatini. Nawa, vaa glavu na barakoa, kwa sababu vumbi la salisili linachoma pua. Weka karatasi kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, ndipo upime.

Saga unga kwenye kinu mpaka uwe laini kabisa. Kisha, hapa usiwe na haraka: chukua mafuta kidogo, yenye ujazo sawa na unga, changanya mpaka rangi iwe moja. Ongeza mafuta sawa na ulichonacho sasa. Changanya tena. Endelea hivyo, kila mara ukiongeza kiasi kilicho sawa na kilichopo. Ukimwaga mafuta yote kwa mkupuo, unga unajikusanya mahali pamoja, na mgonjwa mmoja atapaka mafuta matupu huku mwingine akiungua ngozi.

Mwisho paka kidogo kwenye kioo na upitishe kidole chenye glavu. Ukisikia chembechembe, rudisha kinuni. Lebo: jina la dawa, nguvu yake, kiasi, tarehe ya kutengeneza, tarehe ya mwisho, "kwa kupaka tu". Kwenye daftari andika pia namba ya toleo ya kila malighafi.

Maswali yaliyoletwa

*Kutoka Tukuyu:* Shikamoo mwalimu. Nilitaka lita moja ya spiriti ya asilimia 70 kutoka ya 95. Nikachukua 737 ml, nikaongeza maji 263 ml, lakini haikufika lita. Nimekosea wapi?

Marahaba. 737 ni sahihi: 70 × 1000 ÷ 95. Ila spiriti na maji vikikutana, ujazo husinyaa. Usipime maji. Weka spiriti kwenye silinda, ongeza maji, acha ipoe maana hupata joto, kisha jazia hadi mstari wa 1000.

*Kutoka Mafinga:* Mama akisema nyumbani ana kijiko cha chai tu?

Vijiko vya nyumbani havilingani. Mpe bomba la sindano la 10 ml lisilo na sindano, chora mstari wa kalamu kwenye 7.5, kisha avute maji mbele yako mpaka mstari huo.

*Kutoka Makete:* Asubuhi mafuta yanakuwa magumu kama sabuni. Tuyaweke kwenye jiko la mkaa?

Hapana, yataungua chini na juu yabaki magumu. Tia chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto, yalainike polepole. Changanya hadi yapoe, la sivyo unga utatuama chini.

*Kutoka Vwawa:* Mwalimu, nimefanya zoezi la GV (dawa ya maji ya zambarau ya kupaka): gramu ngapi za unga kwa asilimia 0.5, mililita 250? Nimepata gramu 12.5.

Kadiria kwanza, mdogo wangu. Asilimia 1 ni gramu 1 katika mililita 100. Katika 250 ni ngapi?

*Kutoka Vwawa:* 2.5. Na nusu yake ni… 1.25. Nimeona, mwalimu. Nimefuta, naandika upya na gramu zake.